Fort Jesus kwa Mwenye Penseli: Mwaka Mmoja wa Kuchora kwa Kutazama

Kwa muda wa mwaka mmoja sasa, Jumamosi mbili katika kila mwezi, nimekuwa nikiingia katika makumbusho ya Fort Jesus, hapa Mombasa, nikiwa na daftari la michoro kwapani na penseli nne mfukoni, na kukaa humo saa tatu au nne bila kufanya jambo jingine ila kutazama kitu na kukichora. Mimi ni fundi wa samani. Kazi yangu ni kuchonga vitanda, viti na milango, na kwa miaka mingi nilikuwa nikinakili nakshi kutoka kwenye picha za simu, hadi siku mteja mmoja aliponiletea kipande cha mwimo, yaani mti wa ubavuni mwa fremu, wa mlango wa babu yake akitaka nimchongee mwingine wa kufanana nao, nami nikatambua kwamba jicho langu halikuzoea kuona kina. Picha ya simu huonyesha ua la waridi. Haionyeshi petali zake zimezama kiasi gani ndani ya mti. Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka Ngomeni, yaani Fort Jesus, na tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya mtu ambaye, kama mimi, anataka kuzoeza jicho lake na anajiuliza iwapo kiingilio cha makumbusho hayo kinastahili kulipwa kwa ajili ya kuchora tu. Kinastahili, na kwa mkazi wa pwani sijaona darasa jingine la gharama hiyo linalokaribia kulingana nalo.

Wengi wetu tuliozaliwa hapa tuliitembelea ngome ile mara moja, tukiwa wanafunzi, tukapigwa picha kando ya mzinga na kurudi kwenye basi. Tunajua kwamba Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa Bandari ya Kale, kwa ramani ya msanifu majengo wa Milan aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Kwamba Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 wakaitwaa. Kwamba ukoo wa Mazrui uliitawala, kisha Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Na kwamba ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, baada ya uchimbuzi ulioongozwa na James Kirkman. Mchoraji huyasoma mambo hayo kwa namna yake. Kila aliyeingia katika ngome ile aliacha humo umbo la aina fulani: huyu chuma, yule kauri, mwingine mbao zilizochongwa, na matokeo yake ni kwamba ndani ya ukuta mmoja mwanafunzi anapata kitu cha mviringo, kitu bapa, kitu kirefu kinachomwelekea usoni, na kitu kilichovunjika ambacho akili haina mazoea nacho. Hata kuta zenyewe ni somo, kwa sababu buruji zake, yaani ngome ndogo zilizotokeza penye pembe, zimechongoka kwa pembe zisizo mraba, na mkono uliozoea kona ya chumba utachora kona ya chumba mpaka jicho liukataze.

Kabla ya kuingia, vifaa. Penseli ndiyo inayofaa, kwa kuwa wino na rangi za maji havipendwi karibu na vitu vya kale katika makumbusho yoyote, na hilo ni haki yao. Mimi huchukua HB moja ya kupimia na kuweka mistari ya mwanzo, 2B mbili zilizo laini zaidi, na 4B moja, laini na nyeusi kupita zote, ya vivuli. Ziwe nzuri: niliwahi kununua seti ya bei nafuu katika duka moja la vifaa vya shule mjini, na kila nilipoichonga penseli ya 4B risasi yake ilitoka vipande vipande, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuvunjika ndani ya mti, hata nikapoteza asubuhi nzima nikichonga badala ya kuchora. Daftari liwe na jalada gumu, kwa maana utachora ukiwa umesimama muda mwingi. Chukua pia kipande cha karatasi safi cha kuweka chini ya kiganja. Hewa ya pwani ina unyevu, mkono hutoka jasho, na karatasi iliyoguswa na jasho hukataa risasi mahali pale pale unapotaka kivuli laini.

Sehemu niliyojifunza zaidi ni ukumbi wa maonyesho ulio ndani ya ua, penye vyombo vya udongo na vya kauri vilivyochimbuliwa hapo ngomeni na katika miji ya kale ya pwani kama Gede, Manda na Ungwana, pamoja na vitu vilivyotolewa katika meli ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980. Nilianza na mitungi kwa sababu niliamini kwamba mtungi ni rahisi. Una mdomo, shingo, mabega, tumbo na kitako. Nani asiyeujua mtungi? Nilichora wa kwanza kwa muda wa saa nzima, nikauona mzuri, na Jumamosi iliyofuata nikaenda na binti wa dada yangu, aliye kidato cha pili na anayependa kuchora, nikamwonyesha.

Aliutazama mchoro, akautazama mtungi, akasema, "Mjomba, mtungi wako utaanguka."

Nikamuuliza, "Utaangukaje, mwanangu, na umekaa chini?"

"Haujakaa. Mdomo umeuchora mviringo, kitako umekichora bapa. Sasa wewe unautazama kutoka juu ama kutoka ubavuni?"

Alikuwa amesema kweli, na katika maneno yale machache limo somo ambalo lilinichukua miezi mitatu kulitia mkononi. Mdomo wa mtungi uliokaa chini ya usawa wa macho yako hauonekani kuwa duara. Unaonekana kuwa duaradufu, yaani duara lililobanwa juu na chini. Kitako nacho ni duara lile lile, ila kwa kuwa kiko chini zaidi, jicho linakitazama kwa mteremko mkubwa zaidi, na kwa hiyo mkunjo wake wa mbele lazima upinde zaidi kuliko ule wa mdomo. Akili haikubali. Akili inajua kwamba mtungi umekaa juu ya kitu bapa, basi inauamuru mkono uchore mstari ulionyooka, na mkono unatii. Vivyo hivyo katika ncha mbili za duaradufu: akili inaziona kama mahali ambapo mstari wa juu na mstari wa chini hukutana, ikazichongoa kama ncha za jani, ilhali ukitazama vizuri hakuna mahali popote penye kona, mstari unageuka pole pole na kurudi.

Dawa yake ni kupima, na ukumbi ule ni mahali pazuri pa kupimia kwa sababu mtungi haukimbii. Unasimama ukiwa umenyoosha mkono sawasawa, unafumba jicho moja, unaiweka penseli mbele ya mtungi na kuzuia kwa kidole gumba upana wa tumbo, kisha unaigeuza penseli wima bila kukunja kiwiko na kuhesabu upana huo unaingia mara ngapi katika urefu. Katika mtungi wangu wa kwanza uliingia mara moja na robo, na mimi nilikuwa nimeuchora karibu mara mbili, kwa kuwa nilichokichora kwa hakika ni mtungi wa nyumbani kwa bibi yangu, mwembamba, ambao nimeubeba kichwani mwangu tangu utotoni. Tangu siku hiyo sianzi mchoro kabla ya kuweka mstari mmoja wima wa katikati, kupima mara tatu, na kutia alama ndogo za mdomo, bega na kitako. Baada ya hapo ndipo natazama nafasi tupu iliyo kati ya mtungi huu na ule wa pembeni, kwa sababu nafasi hiyo haina jina, na kitu kisicho na jina akili haina la kukisingizia.

Vyombo vidogo viko ndani ya makabati ya kioo, na kioo ni mtihani katika makumbusho yoyote duniani, kwani hurudisha mwanga wa dirisha na sura ya mtazamaji. Hapa nina ushauri mmoja nilioupata kwa kujaribu: vaa nguo ya rangi nzito. Nilikuwa nikienda nimevaa kanzu nyeupe, na kanzu nyeupe husimama ndani ya kioo mbele ya sahani kama pazia. Siku niliyovaa shati la buluu iliyokolea, nilisogea hatua mbili upande mmoja, na michirizi ya buluu ndani ya bakuli la Kichina niliyodhani imefutika kwa umri ikajitokeza yote. Vipande vilivyovunjika, vigae, visipuuzwe. Kigae hakina umbo unalolijua kabla, na kwa hiyo ni rahisi kukichora kwa uaminifu kuliko bakuli zima. Kama una mtoto anayeanza, mwanzishe huko.

Uani kuna mizinga, nayo inafundisha jambo moja kubwa: kitu kirefu kinachokuelekea usoni hufupika kwa kiasi cha kutisha. Simama mbele ya mdomo wa mzinga, kidogo pembeni, na upime kwa penseli. Chuma ambacho unajua kina urefu kupita kimo chako kitaingia katika upana wa vidole vitatu. Chora ulichopima, hata kama moyo unakataa, kisha rudi nyuma hatua tatu uutazame mchoro, na utaona mzinga umenyooka wenyewe.

Jua la uani lina masharti yake. Mombasa iko karibu nyuzi nne kusini mwa ikweta, na kufikia saa sita mchana jua liko karibu na utosi, vivuli vinajikunja chini ya vitu na ukuta wote wa matumbawe unakuwa na rangi moja. Saa za kuchorea nje ni tangu saa mbili na nusu hadi saa nne na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, wakati mwanga unaposhuka kwa mshazari na kila shimo la tumbawe kupata kivuli chake. Hata hapo kivuli hutembea. Nimejifunza kuweka mpaka wa kivuli kwanza, kwa mstari mwepesi, kabla ya kitu chochote, kisha kuuheshimu mpaka huo hadi mwisho hata jua likiwa limekwisha kuuhama, kwa maana mchoro wenye vivuli vya saa tatu upande huu na vya saa tano upande ule hauaminiki. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, leta vibanio vya karatasi, la sivyo utachora kwa mkono mmoja na kulishika daftari kwa mwingine.

Kwa fundi wa mbao, Nyumba ya Waomani iliyo katika buruji la San Felipe, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 18, ndiyo tulizo. Humo na kwingineko katika mitaa ya Mji wa Kale nje ya lango, utakutana na kazi ya mbao inayotaka subira. Kosa langu kwenye nakshi lilikuwa kuanza na ua. Nilikuwa nikichora waridi la kwanza kwa uangalifu mkubwa, kisha la pili, kisha la tatu, na nilipofika katikati ya kizingiti nafasi iliyobaki ilikuwa ya waridi moja na nusu, na mlango hauna nusu ya waridi. Sasa naanza na mgawanyo: miimo miwili, kizingiti cha juu, mfaa (ule mti wima unaofunika mwanya wa mabamba mawili) katikati, ukanda wa nje wa mnyororo, ukanda wa ndani wa majani. Nagawa kila ukanda kwa nukta kabla ya kuchora jani moja. Baada ya hapo ndipo naliendea ua, na hapo ndipo kuchora kunapolizidi jicho la simu, kwa sababu ili ukitie kivuli katika petali lazima ujiulize fundi aliingiza tindo kutoka upande gani na alikoma wapi, na ukijiuliza hivyo mara mia unaanza kuyajua mazoea ya mkono wa mtu aliyekufa zamani. Mlango niliomchongea yule mteja ni wa kwanza ambao sikuona haya kuweka jina langu nyuma yake.

Mifupa ya nyangumi iliyoko ngomeni nimeichora mara mbili tu. Pingili za uti wa mgongo zinafanana vya kutosha kukuchosha na zinatofautiana vya kutosha kukuhukumu, na bado sijaridhika.

Kuhusu watu: katika jumba jingine la maonyesho, nje ya Mombasa, niliwahi kuamriwa nifunge daftari bila ya kuelezwa kisa, na tangu hapo huwa naingia makumbusho yoyote nikiwa na wasiwasi. Ngomeni, katika mwaka mzima, hakuna aliyeniuliza ninachora nini isipokuwa kwa kutaka kuona. Mimi huwasalimu wazee wa mlangoni, husimama mbali na njia, sigusi kitu, na vikundi vya wanafunzi vinapofika hukunja daftari na kwenda penye utulivu hadi vipite. Mtoto mmoja wa darasa la tatu au la nne alibaki nyuma ya wenzake akanitazama nikichora shingo ya mtungi, akanyoosha kidole na kusema, "Hapo pameingia ndani zaidi." Nilipima. Palikuwa pameingia ndani zaidi.

Tathmini ya haki yafaa ieleze pia nani asiende. Anayetaka kuweka kiunzi cha turubai na kupaka rangi za mafuta aombe ruhusa mapema au atafute mahali pengine. Mwenye saa moja tu atachoka bure, kwa sababu nusu saa ya kwanza huisha katika kutembea na kuchagua, na kuchagua vitu vingi ni njia ya uhakika ya kurudi nyumbani na michoro mingi mibaya. Mimi huchagua kimoja, nadra viwili. Na mwenye maumivu ya mgongo azingatie kwamba kusimama ni kwingi.

Nimeacha mwisho kitu ambacho, kwa maoni yangu, kinaifanya Fort Jesus kuwa tofauti na makumbusho mengine yoyote kwa mtu mwenye penseli, nacho ni michoro ya ukutani ya enzi za Wareno iliyotoka katika buruji la San Mateo, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu na watu waliolinda ngome ile. Kuna meli, watu na maumbo mengine, mistari juu ya mistari, mahali pengine pamefifia. Si kazi ya wachoraji waliosomea. Miili ya watu imechorwa kama watoto wanavyochora. Lakini tazama meli: milingoti, matanga, na zaidi ya yote kamba. Mkono ulioshindwa na bega la binadamu haukushindwa na kamba, na sioni sababu nyingine ila kwamba watu wale walizivuta kamba hizo kwa viganja vyao na kuzitazama kwa miezi mingi baharini, wakijua kwamba zikifungwa vibaya watakufa. Nilikaa mbele ya meli moja asubuhi mbili mfululizo nikiinakili, na nilipoiga mstari wa kamba nilihisi mahali ambapo yule mchoraji alikaza mkono na mahali alipolegeza.

Kunakili mchoro wa mtu si kuchora kwa kutazama, kwa hiyo nilijiwekea sharti: ukinakili meli ya ukutani, siku hiyo hiyo upande juu ya ukuta unaotazama mlango wa bandari na uchore chombo halisi kutoka mahali pale pale. Jumamosi iliyopita binti wa dada yangu alifanya hivyo. Chini yetu ilipita mashua iliyotweka tanga, ikienda taratibu kwa upepo mdogo, na hakupata zaidi ya dakika kumi kabla haijazunguka na kutoweka. Tanga alilichora kwa mistari minne, na mwili wa mashua kwa miwili. Nilipomuuliza mbona foromali, ule mti unaoshika tanga, imebaki nyepesi hivyo, alisema hakuiona vizuri, na hakutaka kuibuni. Lakini henza, ile kamba iliyolipandisha tanga, aliiona ikiwa imekazwa kutoka kileleni mwa mlingoti hadi chini, na hiyo aliichora kwa mstari mmoja, mzito, bila ya kuinua penseli.